"Mashine imemuua"

Kaa kwenye benchi nje ya ICU yoyote, wodi ya wagonjwa mahututi, utaisikia: "Kaingia na jeraha la kichwa, kafa kwa nimonia. Mashine imemuua." Madaktari wameichoka kauli hii, na nawaelewa. Bila mashine ya kupumulia huenda mgonjwa asingeuona usiku wa kwanza. Dawa za usingizi zimezima kikohozi chake, mrija umepita kooni, na mate yenye bakteria yanateleza kando yake kuelekea mapafuni. Nimonia inayozuka baada ya saa 48 za mrija ni hatari inayojulikana, hata pasipo uzembe.

Sawa. Ila "inajulikana" ina tabia ya kugeuka "haizuiliki", na hapo ndugu wa mgonjwa wana hoja.

Tazama jimbo la Michigan, Marekani, kwenye maambukizi mengine ya ICU: yale ya katheta, mirija inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu. Utafiti uliochapishwa 2006 ulihusisha ICU zaidi ya 100. Kwa kila siku 1,000 za katheta, maambukizi yalishuka kutoka wastani wa 7.7 hadi 1.4 katika mwaka mmoja na nusu. Hakukuwa na mtambo mpya: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kumfunika mgonjwa mwili mzima kwa kitambaa kisicho na vijidudu wakati wa kuiweka katheta, kuepuka mshipa wa kinena, kuitoa katheta isiyohitajika tena. Na muuguzi alipewa mamlaka ya kumkatiza daktari anayeruka hatua. Hili la mwisho silimalizi kulifikiria. Muuguzi wa miaka miwili kazini amwambie bingwa, "Samahani daktari, hujanawa, tuanze upya"? Kwetu hata kuuliza jina la dawa ni ujasiri.

Wapo watakaosema Michigan maji hayakatiki na glavu haziishi. Ni kweli. Ripoti ya WHO ya 2022 inasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 hupata maambukizi hospitalini katika nchi tajiri, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na Uingereza ilipoiga mpango wa Michigan, maambukizi yalishuka, lakini yalikuwa yameshaanza kushuka kabla.

Hata hivyo, kuikinga nimonia kwa kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 hakusubiri bajeti. Ndugu akiuliza "nimonia kaipata wapi?", asijibiwe kwa kuinuliwa mabega. Lifunguliwe faili: kitanda kiliinuliwa saa ngapi, kinywa kilisafishwa lini, na asubuhi ile nani aliuliza kama mrija bado unahitajika.