Meya Aliyeshindwa Kumng'oa Mkuu Wake wa Polisi

Tom Bradley alivaa sare ya polisi wa Los Angeles kwa miaka 21. Aliingia kazini mwaka 1940, akafika cheo cha luteni huku akisomea sheria usiku, akaacha upolisi mwaka 1961. Mwaka 1973 wananchi wakamchagua kuwa meya, Mweusi wa kwanza kuliongoza jiji hilo, na wakamwacha hapo miaka 20. Mtu huyu aliijua polisi nje ndani. Lakini alifika mahali ambapo yeye na mkuu wake wa polisi, Daryl Gates, walikaa zaidi ya mwaka mzima bila kusemezana, na hakuwa na namna ya kumfukuza.

Watu wakizungumzia polisi wa Los Angeles, huanzia kwenye virungu vya Machi 1991, askari walipompiga Rodney King, dereva Mweusi. Mimi naona tuanzie kwenye kiti. Katiba ya jiji ilikuwa inamlinda mkuu wa polisi kiasi kwamba meya alikuja, akaondoka, akaja mwingine, na mkuu wa polisi yupo palepale. Hilo kwangu ndilo kosa lililozaa mengine mengi.

Walioitunga kinga hiyo hawakuwa wajinga. Miaka ya 1930 polisi wa jiji hilo ilikuwa mali ya wanasiasa. Meya Frank Shaw alikuwa na ndugu yake aliyekuja kushtakiwa katika kashfa ya kuuza vyeo. Mkuu wa polisi James Davis alituma askari 136 mwaka 1936 hadi kwenye mipaka ya jimbo zima la California, mamia ya kilomita kutoka mjini kwake, kuwarudisha maskini waliokimbia ukame na njaa. Januari 1938 mpelelezi wa kujitegemea aliyekuwa akichunguza ufisadi huo alitegewa bomu kwenye gari lake, akanusurika, na aliyetiwa hatiani alikuwa kapteni wa polisi. Mwezi Septemba wapiga kura wakamng'oa Shaw kabla muda wake haujaisha, na Davis naye akashinikizwa kuondoka.

Katikati ya uozo huo alikuwepo askari kijana mwenye shahada ya sheria, William Parker. Yeye na wenzake katika chama cha polisi na zimamoto waliandika vifungu vya kuwakinga askari wasifukuzwe ovyo na wanasiasa, na mwaka 1937 kinga hiyo ikamfikia mkuu mwenyewe. Mwaka 1950 Parker akakalia kiti alichokuwa amekijengea ukuta kwa mkono wake.

Hapa lazima niwe mkweli, maana wapo wanaomsimulia Parker kama shetani mtupu. Hakuwa mla rushwa. Aliwakuta askari wanaonunulika, akaacha kikosi chenye nidhamu ya kijeshi. Ila askari wake walipita mitaani ndani ya magari, vioo vimepandishwa, na mtaa wa watu weusi au wa Wameksiko waliujua kwa kuwakamata watu wake tu. Agosti 1965 mtaa wa Watts, wa watu weusi, ulipolipuka kwa ghasia na watu 34 kufa, Parker aliwafananisha waliorusha mawe na nyani kwenye bustani ya wanyama. Alitamka hayo hadharani, akabaki kazini. Kiti chake hakikutikisika. Alikiacha Julai 1966 kwa sababu moyo ulisimama: alikuwa kwenye karamu ya wanamaji wastaafu, amekabidhiwa tuzo, ukumbi mzima umesimama unampigia makofi, akarudi kukaa, akaanguka.

Kijana aliyekuwa akimwendesha Parker kwenye gari la kazi aliitwa Daryl Gates. Akawa mkuu mwaka 1978. Wikiendi moja tu ya Aprili 1988 askari wake walikamata zaidi ya watu 1,000 katika msako wa magenge, wengi wao vijana ambao hawakushtakiwa kwa lolote.

Kisha ukaja ule usiku wa manane wa Machi 3, 1991, Rodney King yuko chini, virungu vinashuka, na jirani juu ya roshani yake anarekodi. Dunia nzima iliona. Aprili Tume ya Polisi, raia watano wanaoteuliwa na meya, ikampa Gates likizo ya lazima. Ndani ya siku chache alikuwa amerudi ofisini, baraza la jiji likiwa upande wake na jaji akiwa ametoa amri. Fikiria wewe ni mama wa mtoto wa kiume South Central, mitaa ya watu weusi na Walatino, unaitazama habari hiyo kwenye runinga.

Tume iliyoongozwa na mwanasheria Warren Christopher ilitoa ripoti Julai mwaka huo, ikapendekeza mkuu wa polisi awe na kipindi cha miaka 5, kinachoweza kurudiwa mara moja tu. Pendekezo likapangiwa kura ya Juni 1992.

Jioni ya Aprili 29, 1992, askari wanne walioshtakiwa kwa kumpiga King walikuwa wametoka tu kuachiwa na mahakama kule Simi Valley, nje ya jiji. Watu walikuwa wanajaa nje ya makao makuu ya polisi. Kwenye makutano ya Florence na Normandie askari walikuwa wameondoka, na madereva wanaburutwa kutoka kwenye magari yao. Gates akapanda gari akaenda Brentwood, mtaa wa matajiri, kwenye hafla ya kuchangisha fedha. Fedha za nini? Za kupinga kura ile ile ya Juni. Jiji linaungua, na mkuu wake wa polisi yuko kwenye shughuli ya kukilinda kiti. Zaidi ya watu 50 walikufa siku zile. Hili kila nikilikumbuka linanichoma.

Juni wapiga kura wakaupitisha ukomo huo kwa karibu theluthi mbili. Gates akaondoka, na Willie Williams akaletwa kutoka Philadelphia, mkuu wa kwanza Mweusi. Alipoomba kipindi cha pili mwaka 1997 akanyimwa. Bernard Parks, aliyemfuata, naye akanyimwa mwaka 2002. William Bratton akakipata mwaka 2007.

Wapo wanaosema kwa mtindo huu mkuu wa polisi anakuwa mtu wa meya. Naisikia hoja yao. Suala la Parks lilikuwa na harufu ya siasa: Meya James Hahn ndiye aliyetaka aondoke. Lakini wapiga kura weusi waliomweka Hahn madarakani walikasirika, na mwaka 2005 akashindwa uchaguzi. Wananchi walikuwa na mtu wa kumdai. Wakati wa Parker wangemdai nani?

Jumanne asubuhi Tume ya Polisi hukutana hadharani. Mkuu wa polisi anakuwepo, na mwananchi yeyote anapewa dakika zake kwenye maikrofoni. Mara nyingi ni kelele, hata matusi. Mara nyingine ni mama ameshika picha ya mwanawe aliyepigwa risasi, anamtaja mkuu kwa jina, akimtazama usoni, na mkuu anatakiwa kukaa pale amsikilize mpaka dakika zake ziishe.