Kadi Ambayo Laptopu Yangu Iliikataa

Laptopu yangu ilitengenezwa mwaka 2012, nami niliinunua ikiwa imekwisha kutumika katika duka moja karibu na Barabara ya Digo. Hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na vyuma, na haikupita miaka miwili kadi yake ya waifai ikashika kutu na kufa. Nilipopachika nyingine na kuwasha, mashine iligoma kwenye skrini nyeusi ikinijulisha kwamba kadi ile haikuidhinishwa. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Kizuizi kilikuwa famwea, yaani programu iliyo ndani ya chipu ya ubao mama inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, ambamo mtengenezaji ameweka orodha ya kadi anazozikubali yeye.

"Mwalimu, hii haina dawa," fundi wangu wa Bondeni aliniambia. "Tafuta kadi ya aina ileile, au ununue mashine nyingine."

Dawa ipo, nayo ni Coreboot, famwea huria inayowekwa badala ya ile ya mtengenezaji, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Ron Minnich katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kwa jina la LinuxBIOS, kabla ya kubadilishwa jina mwaka 2008. Huamsha kumbukumbu na vifaa vya msingi, kisha hukabidhi kazi kwa programu ya kuwashia mfumo wa kompyuta, kama SeaBIOS au GRUB, wala haimuulizi mtu kadi yake imetoka wapi.

Ili kuiweka, nilitoa betri, nikafungua kibodi na kifuniko kilicho mbele yake, nikakuta chipu mbili za famwea zenye miguu minane kila moja, ya megabaiti 8 na ya megabaiti 4. CH341A, kifaa cha bei ndogo cha kusomea na kuandikia chipu, nilikiogopa, kwa sababu vile vyenye ubao mweusi hupitisha volti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu hizi zinataka 3.3, nikatumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, niliyoiunganisha na chipu kwa klipu inayobana miguu yake, tena kwa umeme wa pawabenki, maana stima ya mtaani kwetu hukatika bila hodi. Famwea ya zamani niliisoma mara mbili kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, ili niwe na nakala, na faili mbili hizo hazikufanana. Hapo ndipo wengi huharibu mashine kwa haraka. Nilisugua miguu ya chipu kwa spiriti, nikabana klipu upya, nikasoma tena hadi zikalingana, ndipo nikaandika Coreboot.

Wanaoisifu Coreboot kwamba huongeza kasi ya mashine wanaipamba kupita kiasi. Wala uhuru wenyewe haukukamilika, kwani Management Engine ya Intel, programu iliyofungwa inayojiendesha yenyewe ndani ya mashine, ingali kwenye ile chipu kubwa. Inaweza kupunguzwa, lakini ukiifuta yote mashine hujizima baada ya dakika 30. Watengenezaji nao hudai kwamba kadi na antena huidhinishwa pamoja, hoja ambayo ina uzito kwa mashine mpya dukani; kwa mashine ya muongo mmoja, ambayo hawaihudumii tena, siioni ila kuwa ni kumlazimisha mtu atupe kilicho kizima. Hata hivyo, mwenye laptopu moja tu ya kumpatia riziki nisingemshauri ajaribu peke yake.

Fundi alipoiona inawaka na kadi ileile iliyokataliwa, aliniuliza bei ya klipu. Nimemwachia, kwa kuwa laptopu nyingine ya aina hii imelala kwenye rafu yake tangu Ramadhani.