Wema wa Stika

Jumapili usiku, ule muda ambao nyumba nzima inatafuta soksi ya pili, ujumbe ukaingia kwenye kundi la wazazi. "Wazazi wapendwa, wiki hii ni Wiki ya Wema. Kila mtoto atende matendo mema kumi. Mpigeni picha, mzitume hapa. Kila picha ina stika yake. Mwenye stika nyingi atapewa zawadi mstarini siku ya Ijumaa. Fulana za wema ni shilingi 15,000, mwisho wa kulipia ni kesho." Chini yake mioyo mitatu myekundu. Watoto wenyewe ni wa darasa la kwanza.

Fulana za wema. Nilirudia kusoma nikidhani ni mzaha.

Kufika Jumatatu jioni simu ilishajaa. Mtoto anamwagilia ua ambalo, kwa macho yangu haya, ni la plastiki. Mtoto yuko kiti cha nyuma cha gari, kioo kimeshushwa nusu, anamkabidhi noti mzee mwenye fimbo kwenye mataa, mama anapiga picha kutoka kiti cha mbele. Mzee wa watu hakuulizwa kama anapenda kuonwa na kundi zima la wazazi asiowajua. Halafu ikaja ile iliyonikalisha chini niandike. Mtoto amemkumbatia dada wa kazi kiunoni. Dada ameshika mwiko, kikaango kiko nyuma yake kinatoa moshi, na uso wake ni wa mtu anayesema haya basi, fanyeni haraka, samaki wanaungua. Maelezo ya picha: "Leo tumemwambia dada asante." Makofi yakamiminika. Stika.

Nyumba ile nimewahi kula. Yule mtoto akimaliza chakula anasukuma sahani katikati ya meza, anaita "Dadaaa!", na sahani inaondoka. Kijiko kikidondoka, dada. Maji ya kunywa, na jagi liko pale pale mbele ya mkono wake, dada. Siku ya Jumatatu wema umetendeka na ushahidi upo kundini. Jumanne sahani ikarudi katikati ya meza.

Mwalimu sina ugomvi naye. Ana darasa limefurika, ana uongozi unaotaka picha za kupandisha kwenye ukurasa wa shule kabla msimu wa usajili haujaanza, na ameagizwa afundishe wema kama anavyofundisha kuhesabu kwa tano tano. Ninachogombana nacho ni hili wazo kwamba wema ni tukio, lina wiki yake, likiisha tunarudi kwenye maisha.

Wazee walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Sisi tumeirekebisha: tenda wema, simama hapo hapo, angalia kamera, subiri stika.

Na kwa wale ambao neno la wazee haliwatoshi mpaka Mzungu athibitishe, Wazungu walishathibitisha. Mwaka 2006 wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello, wakifanya kazi Leipzig huko Ujerumani, walionyesha kwamba mtoto wa miezi 18, mwenye nepi bado, akimwona mtu mzima asiyemjua amedondosha kitu na hakifikii, anakwenda kumwokotea. Hajaahidiwa pipi. Miaka miwili baadaye wakawajaribu watoto wa miezi 20: wengine walipewa zawadi kila waliposaidia, wengine walisifiwa kwa mdomo, wengine hawakupewa kitu. Zawadi zilipoondolewa, waliozoea kupewa ndio waliopunguza kusaidia. Kwa hiyo mtoto anakuja duniani na moyo huo tayari, halafu sisi tunaulipia mpaka unageuka kibarua.

Moyo huo unakuzwa na nini basi? Na kuhitajika. Mtoto awe na kitu ambacho asipokifanya yeye, mtu mwingine anakwama, na yeye mwenyewe anaona kabisa kwamba amekwama.

Juzi nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, saa ile ya wanafunzi kutoka. Mnajua ilivyo: konda anawazuia mlangoni kwa sababu ya nauli yao ndogo, mpaka watu wazima waishe, halafu wanapenya chini ya kwapa lake. Waliopenya siku hiyo walikuwa wachache, mkubwa wao binti wa kama miaka kumi, kiatu kimoja kimeachia soli. Mbele yake kalibanwa katoto ka darasa la kwanza. Hakakuwa mdogo wake, maana nilimsikia akikauliza, "We unashukia wapi?" Kakasema Banana. Binti hakuongeza neno. Akakavua begi mgongoni, akampa mama aliyekaa dirishani alipakate, kisha akakashika ukosi wa shati. Dereva akipiga breki, ukosi unavutwa nyuma. Gari likiondoka, unaachiwa. Mkono wake mwingine ulikuwa juu kwenye bomba, na urefu haukutosha, alikuwa amening'inia kwa ncha za vidole. Tulipofika Banana akapaza sauti, "Konda, kuna mwanafunzi anashuka!", akadai begi kwa yule mama, akakavalisha, akakasukuma mlangoni, kisha akainama kuchungulia dirishani mpaka kalipofika upande wa maduka. Mimi nilijua hayo yote kwa sababu begi lake mwenyewe lilikuwa mapajani pangu.

Huyo binti hakuwekewa wiki maalumu. Amelelewa na gari lenyewe. Amekulia kwenye daladala ambamo mama asiyemjua anamwambia "lete begi nikupakatie", na mkono wake ulipokaribia kufika kwenye bomba, akaanza kuwafanyia wadogo zake wa njiani. Mtoto anayeletwa shule kwenye kiti cha nyuma chenye kiyoyozi anapata mambo mengi mazuri, siyakatai, ila hilo halipati, na stika haitampa.

Sisi wa shule za serikali tulikuwa na zamu. Fagio la chelewa unatoka nalo nyumbani, kidumu cha maji unatoka nacho nyumbani. Mkubwa anachota, mdogo anamwagilia. Mkubwa anafagia, mdogo anazoa. Usipoleta maji, choo kinakaa hivyo hivyo na shule nzima inajua ilikuwa zamu ya nani. Hapakuwa na mtu wa kukupigia makofi.

Halafu tukaiharibu wenyewe, na hapa ndipo hasira zangu zinapopanda kuliko kwenye stika. Umechelewa namba? Kadeki choo. Umepiga kelele darasani? Utafagia uwanja peke yako wenzako wakicheza. Umeongea Kiswahili kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza? Okota taka. Hebu fikirini mtoto anaondoka na nini hapo. Anaondoka akijua kwamba anayewasafishia wenzake ni mkosaji, na kwamba ukiona mtu ameshika fagio, uliza amefanya kosa gani. Mtoto huyo anakua, anapata kazi, anamwaga chai kwenye meza ya ofisi na kumwita mhudumu aje afute, na yule mhudumu ni umri wa mama yake. Unashangaa nini? Kitambaa cha kufutia alikijua kama hukumu tangu ana miaka saba. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alitaka shule ziwe mahali ambapo mwanafunzi anafanya kazi na kuishi kama sehemu ya jamii yake, asijione bwana mdogo kwa kuwa anajua kusoma. Kilichosalia kwenye shule nyingi ni jembe la adhabu.

Stika na adhabu ni ndugu wa tumbo moja. Moja inamlipa mtoto ili asaidie, nyingine inamtesa kwa kumsaidisha, na zote zinamwambia jambo lile lile: mtu mwenye akili zake hasaidii bure.

Kati ya hizo mbili kuna njia ambayo huku kwetu tulikuwa nayo kiasi cha watafiti kuja kuipima. Beatrice na John Whiting waliwalinganisha watoto wa jamii 6 za nchi mbalimbali, mojawapo Nyansongo huko Kisii, Kenya, nyingine mji mdogo wa Marekani. Walipotoa matokeo mwaka 1975, watoto wa Nyansongo, waliokuwa wakibeba wadogo zao na kumsaidia mama shambani, walikuwa miongoni mwa walioongoza kwa kuwajali wengine. Wale wa Marekani, ambao kazi yao nyumbani ilikuwa kupanga vitu vyao wenyewe chumbani kwao, walikuwa zaidi watoto wa "niangalieni mimi". Na mwaka 1973 mtafiti mwingine, Carol Ember, aliandika kuhusu wavulana wa Kijaluo, magharibi mwa Kenya, waliopewa kazi za ndani kwa sababu nyumbani hapakuwa na msichana wa kuzifanya. Hawakuwa wagomvi kama wavulana wenzao, hata wakiwa hawapo kazini. Nyie mnaomfukuza mtoto wa kiume jikoni, hilo lisomeni kwa sauti.

Najua, najua. Kuna walimu waliowageuza wanafunzi kuwa vibarua wa nyumbani kwao, kuna mtoto mdogo anayetwishwa ndoo ya mtu mzima, na huyo hajifunzi wema, anaumia shingo. Hilo silitetei. Ila mkinirushia haki za mtoto, nami nitawarushia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, wenye ibara nzima, ya 31, inayozungumzia wajibu wa mtoto kwa familia na jamii yake. Tuusome wote, tusichague kurasa. Skauti nao, na jema lao la kila siku, nawapa heshima yao ingawa skafu inanipa mashaka. Na haya, niseme na hili: kuna mtoto mmoja kwenye kundi letu, mpole hata salamu haitoki, wiki ile alimpa mwenzake penseli akarudi nyumbani anacheka, mama yake akatuandikia. Mmoja. Nimemhesabu.

Lakini upinzani wenyewe hautatoka kwa watetezi wa haki za mtoto. Utatoka kwa wazazi wenzangu. "Mimi nilipe ada ile, halafu mtoto wangu akafagie?" Nimeisikia kwa masikio yangu kwenye kikao, baba mmoja kavaa tai, kasimama kabisa, na watu wakampigia makofi. Kaka yangu, Japani hawana shida ya pesa ya kuajiri wafagiaji. Kule mtoto wa darasa la kwanza anafagia na kufuta sakafu ya darasa lake, wakubwa wakimwelekeza, na saa ya chakula walio zamu wanavaa aproni na kofia nyeupe na kuwapakulia wenzao. Ipo kwenye ratiba ya shule, pamoja na hesabu. Wewe mwenzangu unalipa ada kubwa ili mwanao afike chuo kikuu hajawahi kumpakulia mtu chakula, na siku utakapougua kitandani utashangaa anakuja mlangoni, anakuuliza unaendeleaje, anarudi kwenye simu yake. Hana ubaya. Mikono yake tu haijui ianzie wapi.

Basi tuanzie nyumbani. Mtoto wa miaka sita anaweza kubeba sahani yake, na ya bibi pia. Anaweza kumpelekea fundi aliyekuja kutengeneza bomba glasi ya maji. Anaweza kuulizwa, "Dada amekula?" na akaenda kuangalia kweli, si kujibu tu akiwa kwenye kochi. Hakuna hata moja linalotaka bajeti.

Kwa shuleni ninachoomba ni kidogo mno. Saa ya uji kuna ndoo ya maji yenye koki na mama mmoja anayewahangaikia watoto wote. Wawekwe wawili wa zamu: mmoja afungue koki, mwingine atoe sabuni, na hao wawili ndio wawe wa mwisho kupata uji. Hapo kwenye kuwa wa mwisho msipabadilishe, hata wazazi wapige simu. Wengine wawili washike upawa. Siku ya kwanza uji utaisha kabla foleni haijaisha, patakuwa na kilio, na kesho yake yule mgawaji atakuwa anapima kwa jicho kali kuliko mhasibu. Mwenzao akiugua, jirani yake wa dawati ndiye amnakilie kazi za siku ile. Kwenye basi la shule, mkubwa amfunge mdogo mkanda kabla hajafunga wake. Na zamu isiwe adhabu hata siku moja. Kama lazima muadhibu, mnyang'anyeni zamu, muone atakavyolia.

Haya nimeyaandika kwenye karatasi nikampa mwalimu wa darasa. Alisoma amesimama, akacheka kwenye mstari wa upawa, akasema atayafikisha kwa uongozi, ila uongozi utauliza wazazi watasemaje. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Aliye tayari kusimama na mimi anitafute mapema, na ajiandae kwa yule baba wa tai, kwa sababu atakuja na atakaa mstari wa mbele.