Msiuze hizo kompyuta kwa kilo

Jumatatu nilikwenda shule moja ya sekondari mkoani Morogoro kutengeneza printa ya mhasibu. Nilipoingia stoo kutafuta kebo, nikakuta kompyuta 12 za mezani zimepangwa hadi usawa wa dirisha, zimefunikwa na vumbi. "Hizo zinauzwa kwa kilo, fundi," akaniambia mtunza stoo. "Wa chuma chakavu anakuja Ijumaa." Nikaenda ofisini kwa Mkuu wa Shule kumweleza habari ya printa. Juu ya meza yake kulikuwa na profoma ya kifaa kipya cha fayawoli, yaani kilinda mlango kati ya mtandao wa shule na intaneti, cha mamilioni, na leseni ya kulipia upya kila mwaka.

Nilisoma ile karatasi mara mbili. Iliniuma kweli, maana shule hiyohiyo watoto wanatumia kompyuta moja watatu watatu.

Nimezifungua mbili kati ya zile 12. Ni za prosesa ya Core 2 Duo, RAM GB 4. Mashine kama hiyo inaibeba OPNsense, programu inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa fayawoli, na intaneti yote ya shule bila kuhema, na programu yenyewe ni ya bure. Mzigo wa fayawoli ya shule ni mdogo kuliko wa Windows iliyoichosha mashine hiyo miaka yote. Pentium 4 za zamani za biti 32 sizitetei. PfSense, programu nyingine ya aina hiyo, iliziacha tangu toleo la 2.4, mwaka 2017.

Mwaka jana nilifunga moja katika kituo kidogo cha mafunzo ya ufundi. Nilipuliza vumbi, nikabadilisha feni, nikachomeka kadi mbili za mtandao nilizozitoa kwenye seva iliyokufa, juu ya ile iliyokuja na mashine. Kila ukiizima, saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na masasisho yanagoma kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana kama havijaanza kutumika. Dawa yake ilikuwa betri ya CR2032, kile kidonge kinachouzwa kwa mafundi saa.

Halafu intaneti ikakataa kabisa. Taa za kadi zinawaka, kebo nzima, hakuna kinachopita. Kumbe anwani ya ruta ya mtoa huduma ilikuwa 192.168.1.1, na OPNsense nayo upande wa ndani huanza na hiyohiyo. Mashine ina mtandao mmoja pande zote mbili, haijui ipeleke wapi. Nikaubadilisha wa ndani kuwa 192.168.10.1 na kila kitu kikafunguka. Ukitaka kufunga yako, anza hapo.

Lakini sababu inayonifanya niandike ni kadi ya tatu. Shule nyingi ninazoingia zina swichi moja, na humo kuna maabara ya wanafunzi, simu za wageni na kompyuta ya mhasibu yenye ada za watoto wote. Ukiweka fayawoli mbele tu, kwenye intaneti, vilivyo ndani vinaendelea kuongea vyenyewe kwa vyenyewe bila kupita kwake. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili na kudai fidia, ilienea hivyo: ikishapata mashine moja, inagonga mlango 445, ule wa kushirikiana mafaili, wa nyingine zote, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi. Maabara ikikaa kwenye kadi yake na ofisi kwenye yake, kwa sheria moja tu ya kuzuia, kirusi cha kwenye flashi ya mwanafunzi hakiwezi kufika kwenye ada kwa njia ya waya. Pale kituoni nilikaa maabara nikaita kompyuta ya mhasibu, kimya. Mhasibu akaendelea kuchapa stakabadhi zake. Nilifurahi kama mtu aliyefunga bao.

Umeme, nakubali. Kompyuta ya zamani inayokula wati 60 usiku na mchana inamaliza uniti kama 43 za LUKU kwa mwezi, na vile vidude vidogo vipya vinakula kidogo sana. Diski nayo inaweza kufa, kwa hiyo faili la mipangilio liwekwe kwenye flashi na flashi ifungiwe kabatini. BIOS, ile mipangilio ya mashine inapowaka, ielekezwe iwashe mashine yenyewe umeme ukirudi, la sivyo utapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri.

Wapo watakaosema kifaa cha kununua kina msaada wa kampuni. Kina, hadi leseni iishe. Nimeshakutana na viwili ambavyo havijasasishwa tangu bajeti ilipokosekana, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyejua sheria zilizomo ndani. Mwalimu wa TEHAMA akiijenga mwenyewe na vijana wake wa kidato cha tatu, sheria zinabaki vichwani mwao.

Mkuu, najua huwa unasoma hapa. Niachie mbili tu, nitakuja na kadi zangu Alhamisi mchana, bila malipo. Ijumaa tutakuwa tumechelewa.