Bunduki ya kulinda familia? Mie bado sijakubali

Kuna mjadala hauishi huku Columbus, Marekani, kila tukikutana Wazanzibari, iwe Iddi iwe harusi iwe khitma, utaanza na siasa za nyumbani, utapita kwenye kodi za nyumba zilivyopanda, mwisho utaishia kwenye bastola. Watu wetu wananunua jamani. Na si vijana peke yao, hata watu wazima na ndevu zao nyeupe. Ukimuuliza mtu kwa nini, jawabu ni ile ile, "mie nna familia bwana, nna wajibu wa kuilinda". Wachache sana wanasema kweli kuwa wanapenda tu, raha yao Jumamosi waende renji wakapige shabaha warudi na karatasi lina matundu walitie kwenye status.

Sasa mie hao wa raha siwaogopi sana. Anayenitia khofu ni huyu wa wajibu, na ntasema kwa nini, msinirukie kabla sijamaliza.

Kwanza walioko Unguja na Pemba wajue hii nchi ilivyo, maana wanaona kwenye filamu wanadhani watu wanatia chumvi. Small Arms Survey, wale watafiti wa Geneva, walikadiria 2018 kuwa raia wa Marekani wana bunduki milioni 393, yaani bunduki ni nyingi kuliko watu. Haki yenyewe imo kwenye katiba tangu 1791, na 2008 Mahkama ya Juu kwenye kesi ya Heller ikasema wazi kuwa ni haki ya mtu binafsi kujilinda nyumbani kwake. Hapa Ohio, jimbo letu, tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 na kuendelea asiyekatazwa na sheria anatia bastola kiunoni chini ya shati anatembea nayo, kibali hahitaji. Ukinunua dukani unajaza fomu, unaonesha kitambulisho, sisi wa green kadi, yaani kadi ya ukaazi, tunaonesha na hiyo kadi, muuzaji anawauliza FBI, wapelelezi wa serikali kuu, kwenye kompyuta kama unaruhusiwa, na mara nyingi dakika chache tu ushatoka na mzigo wako. Ukinunua kwa mtu baki hata hiyo FBI haiulizwi. Mie kupata kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi nilisumbuka zaidi, na sheha alikuwa ananijua tokea nazaliwa.

Kazini nnaye mzee mmoja wa kizungu, mtu wa shamba hasa, kazaliwa kwenye bunduki. Kila mwaka Jumatatu ya baada ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya Novemba, humuoni, msimu wa kuwinda paa kwa bunduki umefunguliwa, hata meneja hapotezi muda kumtafuta. Siku moja akanikaribisha kwake akanishusha besimenti kunionesha, pana sefu la chuma refu kunishinda mimi, namba za siri anazijua yeye na mkewe basi, bunduki zimepangwa wima hazina risasi hata moja, risasi ziko kwenye boksi jengine na kufuli lake. Kila moja ina historia yake, hii ya babu, hii alipigia paa wa kwanza ana miaka kumi na mbili. Anazifuta mafuta na kitambaa cha fulana kuukuu kama bibi anavyofuta seti yake ya vikombe vya harusi ambavyo hakuna mgeni anavinywea. Akanipa na nyama. Nilipofika nyumbani mama watoto kaitizama ile nyama kanitizama mimi, suali lake moja tu, "kachinja nani?" Ikaishia kwa paka wa jirani, ingawa masheikh wengine wanasema ukipiga bismillahi unapofyatua inatosha, lakini aliyefyatua alikuwa yeye si mimi, na sijui kama alisema kitu zaidi ya matusi.

Huyo ni mtu wa hobi. Mwenyewe anasema, "ni mchezo wangu."

Sasa jamaa yetu mmoja, simtaji na msiniulize, kijana mzuri, anaswali, anahudumia watoto wake. Alinunua bastola baada ya gari la jirani yake kuvunjwa kioo. Akanita chumbani kunionesha, kafungua droo ya pembeni ya kitanda, juu pana pampas na chaja za simu, chini imelala nyeusi, na risasi zimo ndani. Nikamwambia yakhe mbona umeiweka hapa, watoto je? Akanijibu jawabu ambayo kwa upande wake ina akili kabisa, akasema mwizi akiingia saa nane za usiku mie ntaanza kutafuta funguo, ntaanza kutia risasi moja moja? Si ntakuwa nshakufa na watoto wangu washakufa? Na hapo hapo tunazungumza kamtoto kake ka miaka minne kakaingia kakavuta ile droo kutafuta chaja ya tableti. Baba mtu akaifunga kwa goti, akacheka. Mie sikucheka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwenye hobi anaweza kufunga, maana paa hatokuja kumvamia usiku, mchezo wake una siku zake. Lakini aliyenunua kwa wajibu wa kulinda hawezi kufunga bila ya kuuvunja ule wajibu wenyewe, kwa hesabu yake lazima iwe karibu na lazima iwe tayari. Yaani kadiri anavyojiona baba bora ndivyo kile kitu kinavyosogea karibu na mikono ya watoto. Na hao wa kulinda ndio wengi, Pew, kituo cha utafiti cha huku, waliwauliza wenye bunduki 2023, asilimia 72 wakasema kujilinda ni sababu kubwa ya kuwa nayo, wawindaji walikuwa kama theluthi tu.

Na huyo mwizi wa saa nane za usiku tumtizame na yeye. Mwaka 2021 Marekani walikufa kwa bunduki watu zaidi ya 48,000, na katika hao zaidi ya 26,000 hawakuuliwa na mtu, walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Wanaojaribu kujiua kwa bunduki karibu tisa katika kumi hawaponi, wakati aliyemeza vidonge mara nyingi anakimbizwa hospitali anarudi na anaishi miaka mingi. Na tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa nchi hii, imeipita ajali ya gari. Sisi Waswahili habari ya mtu kujiua hatuizungumzi, tunaona haya, tunasema alikuwa anaumwa, yakaisha. Lakini wapo watoto wetu huku wana miaka kumi na sita, skuli wanaonewa, nyumbani hawasemi, Kiswahili hawakijui vizuri cha kumwambia bibi kwenye simu kuwa dunia imewabana. Mie nikiwa na kijana kama huyo ndani sijui kama adui wa kumfikiria usiku ni mwizi.

Sasa nyumbani. Wapo watakaosema wewe umesahau ulikotoka, kwenu hamjui bunduki ndo maana unaogopa. Tunaijua. Mie ni mtu wa Wete. Tarehe 27 Januari 2001 wa umri wangu wanaikumbuka, watu waliandamana na polisi wakapiga risasi, Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, waliandika kuwa waliouliwa Pemba na Unguja si chini ya 35, na watu kama 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kwetu bunduki tuliijua kwa mlio wake na kwa upande iliotokea. Ilikuwa ya serikali. Raia kuwa na yake chumbani halikuwa jambo la kufikiriwa, na ukisikia fulani ana silaha wewe ndo unahama njia. Kwa hiyo mtu akinambia bunduki ni amani ya nyumba, kichwa changu kinakataa kabla ya mimi mwenyewe kukataa, huo ndo ukweli na sijifanyi kuwa nimeufikia kwa hesabu za Pew peke yake.

Ila bunduki ya raia nayo niliiona, upande wa ukweni, Muyuni huko kusini Unguja. Mkwe wangu mzee alikuwa msasi, ana bunduki ya marisau na leseni yake ya polisi imetiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati ya shamba. Wanakwenda msituni na mbwa na nyavu, nguruwe wanaharibu mihogo ya watu, na wakipata paa lazima mtu akimbie na kisu amuwahi kabla hajafa. Angalia ile bunduki ilivyokuwa. Kijiji kizima kinajua ipo, sheha anajua, polisi wanajua namba yake. Mtu mihogo yake ikiliwa anakwenda kwa mzee kumuomba, "baba nguruwe wamenimaliza", na mzee anatoka. Sikumsikia hata siku moja anasema naiweka kwa ajili ya mke wangu na watoto wangu. Bunduki ilikuwa ya kazi, na kazi yenyewe ya watu wote. Usiku wa kulinda nyumba hakuwa akiifikiria, mlango ulikuwa na komeo la mti na baraza la nje halikosi watu mpaka saa sita.

Hilo baraza ndilo lililokuwa likitulinda sisi, kwa kweli. Mgeni akiingia mtaani keshaulizwa mara tatu anakwenda kwa nani. Bibi wa nyumba ya pili anajua umerudi saa ngapi na umebeba nini. Huku mie jirani yangu wa ukuta mmoja simjui jina, namjua gari. Sasa mtu akikaa hivyo, amezungukwa na watu asiowajua, kila mlango umefungwa, nnaelewa kabisa inavyomjia kuwa ulinzi wote wa familia umemwangukia yeye peke yake na mkono wake wa kulia. Siwacheki. Upweke ndo unaouza zile bastola kuliko tangazo lolote.

Na wala sitaki kusema nyumbani pepo. Ulinzi wa mtaa tunaujua ubaya wake, mtu akipigiwa ukelele wa mwizi anapigwa mpaka kufa na labda kuku hakuiba yeye. Na wakati wa uchaguzi baraza halimsaidii mtu, watu wa 2015 na 2016 waliopigwa na wale waliokuwa wakiitwa mazombi, wamejifunika nyuso, wanakumbuka kuwa majirani wote walifunga madirisha. Ningekuwa na bastola siku hizo ningefanya nini nayo? Ningekufa mapema tu.

Mtu atanitolea mfano wa kunikata, najua. Oxford, Michigan, Novemba 2021, kijana wa miaka 15 kaua wenzake wanne skuli kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne nyuma, kama zawadi ya Krismasi, na mama alimpeleka mwenyewe renji kupiga shabaha. Hiyo ilikuwa hobi, tena hobi ya familia. Kweli kabisa. Wazee wale, James na Jennifer Crumbley, mahkama iliwatia hatiani 2024 kwa kusababisha vifo wakafungwa miaka 10 mpaka 15 kila mmoja, na ndio wazee wa kwanza nchi hii kufungwa hivyo kwa mauaji ya halaiki aliyoyafanya mtoto wao skuli. Kwa hiyo sisemi mwenye hobi ni mtakatifu. Nasema mzee wa besimenti alikuwa na sefu na Crumbley hawakuifungia, na mahkama haikujali kama bastola ililetwa kwa mchezo au kwa wajibu.

Kitu chengine ambacho vijana wetu hawakifikirii, sisi ni wageni. Mwenye green kadi akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, hata kama kakaa miaka ishirini na watoto kazaa hapa. Mmarekani akigombana na mtu kwenye maegesho akaonesha bastola analipa wakili maisha yanaendelea, wewe unaweza kujikuta uwanja wa ndege wa Dar na begi moja. Familia uliyokuwa ukiilinda umeiacha Ohio inalipa kodi ya nyumba peke yake. Na ukiwa na viza ya muda tu, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida hata kuishika hairuhusiwi isipokuwa kwa mambo machache kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo wanafunzi wanaopiga picha na za marafiki wajue wanacheza na nini.

Mie nyumbani sina na sitii. Nilichofanya ni kitu kimoja kigumu kwa mtu aliyelelewa Pemba, maana sisi kumuuliza mtu kilichomo ndani kwake ni utovu wa adabu. Watoto wakialikwa kulala kwa mwenzao nampigia simu mzee wa huyo mwenzao namuuliza, mna bunduki, imefungiwa? Mara ya mwanzo mama watoto alijifunika uso na kanga kwa aibu. Wazungu wengi wala hawakasiriki, mmoja alinijibu haraka haraka kama nimemuuliza kuhusu mbwa, iko kwenye sefu, ufunguo ninao mimi. Aliyekasirika alikuwa Mzanzibari mwenzangu, wa ile droo, kaniambia unanidharau mimi mbele ya mke wangu. Hatujakosana, ila watoto wetu hawalali kwake, wa kwake wanakuja kwetu Ijumaa kwa Ijumaa na magodoro tunatandika ukumbini.