Mizani ya Shangazi na Pistoni za Fuso

Ukitaka kugombana na shangazi yangu, msifie kitu halafu umkataze kukipima. Ana duka la nafaka na asali hapa Tabora mjini, na juu ya kaunta ipo mizani ya zamani, ile ya sahani mbili na mawe ya chuma. Anaiamini kuliko anavyoniamini mimi, mtoto wa kaka yake na dereva wa Fuso yake.

Fuso yenyewe ilianza kula oili. Moshi wa bluu ulifika mahali bodaboda wakawa radhi kupita porini kuliko kunifuata nyuma. Fundi wetu, mzee mmoja wa Kasulu asiyependa maneno mengi, alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Upepo ukamsukuma mkono.

"Ringi za pistoni zimekwisha. Hapa ni ovaholi, injini ifunguliwe yote."

Shangazi aliposikia bei ya spea jenuini alitafuta pa kukaa. Fundi akamweleza taratibu: kuna jenuini, inayokuja kwenye boksi la kampuni ya gari. Kuna inayotoka kwenye kiwanda kinachoiuzia kampuni hiyohiyo, ila imevaa boksi la kiwanda chenyewe, bei afadhali. Halafu kuna kopi, ambayo huvaa boksi lolote inalolipenda. "Mama, tuchukue ya katikati."

Ushauri mzuri kabisa. Shangazi akachukua simu, akampigia muuzaji mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam. Bahati mbaya au nzuri, akawa Mzaramo, yaani mtani wetu, kwa hiyo spea zilisubiri kwanza watu watukanane.

"Bei gani hiyo? Babu zetu waliwabebea pembe za ndovu kichwani mpaka Bagamoyo, leo mnatulipa hivi?"

"Ndiyo maana hamna shingo, mama. Haya, unataka pistoni za Fuso ipi?"

"Ya bluu."

Fundi akaomba simu. Kwanza alichovya tambara kwenye dizeli, akasugua ubavu wa bloku mpaka namba ikajitokeza chini ya matope na rangi ya watu waliotutangulia: 6D1, halafu kitu. Akaongeza msasa. Sita. Hapo hapana mchezo. 6D14, 6D15 na 6D16 zote zina silinda sita, na pistoni zake zote hupanda na kushuka milimita 115. Lakini tundu la silinda ni milimita 110 kwa ya kwanza, 113 kwa ya pili, 118 kwa ya tatu. Ukiagiza kwa rangi ya kabini utaletewa pistoni ya kuwekea maua.

Kwenye beringi hakukuwa na ugomvi. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ilishachongwa huko nyuma, ikapimwa, ikataka beringi za 50, yaani za krenki iliyopungua nusu milimita. Shangazi aliposikia kuna standadi, kuna 25 na kuna 50, akafurahi sana kwamba amepata kubwa.

Mzigo ulikuja na basi. Maboksi yanang'aa, yana stika ya kumetameta, na fundi akaridhika. Shangazi akasema haondoki mtu. Akapanga pistoni kwenye kaunta, moja sahani ya kulia, nyingine ya kushoto. Fundi akanitazama kwa jicho la kuniuliza huyu mama ni wa damu yangu kweli. Pea ya kwanza, sahani zikatulia sawasawa. Pea ya pili, sahani ya kushoto ikashuka, ya kulia ikapanda na pistoni yake.

"Hii imepunjwa," akasema Shangazi.

Fundi akaichukua ile nyepesi, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Pistoni nzuri za aina hii ni za aluminiamu, lakini mfereji wa ringi ya juu hukatwa kwenye pete ya chuma iliyozamishwa humo wakati wa kumimina, maana aluminiamu peke yake haistahimili kugongwa na ringi kwenye joto la pale juu. Ukiangalia kwa makini unaiona ile pete, rangi yake imeachana na ya mwili. Kwenye pistoni nyepesi hapakuwa na pete. Tukaendelea kupima, ikaonekana na mwenzake. Pistoni nne za kiwanda kimoja na mbili za nani sijui, zote ndani ya boksi moja lenye stika ya kumetameta.

Muuzaji alisema ni vijana wa stoo wamechanganya, akaleta nyingine. Laiti mambo yangeishia hapo.

Kuanzia siku hiyo mizani ikawa fundi mkuu. Fundi aliagiza gasketi mbili za hedi, yaani za kuziba kati ya bloku na kichwa cha injini, ya kawaida na nene, ili moja irudi Dar baada ya kupima. Ile nene huwekwa hedi au bloku ikishakwanguliwa, na yetu haikuguswa. Akasema tufunge ya kawaida. Shangazi alikuwa ameshazitundika kwenye mizani kwa kamba, kama kambare.

"Hii nzito."

"Mama, hapa hatununui kwa kilo."

"Na zile pistoni ulisemaje? Si ulisema nzuri?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Mwenye gari ni mwenye gari. Ikafungwa nene, nyepesi ikapanda basi kurudi kwao.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa ndiyo inayobanwa mpaka ichemke, dizeli ikipulizwa iwake. Gasketi ikinenepa, nafasi ya juu inaongezeka, hewa haibanwi vya kutosha. Ikishapata moto, Fuso ilikwenda vizuri tu. Kasheshe ni asubuhi, tena Julai, baridi ya Tabora unaijua. Stata inazungusha, moshi mweupe unajaa uwanja, gari haliwaki. Na mji huu ni tambarare, mteremko wa kukusaidia huupati. Ikabidi watu wasukume. Shangazi mwenyewe alisimama nyuma kusimamia, amevaa dera jipya la kwenda harusini, usawa wa bomba la moshi. Injini ilipokubali alifunikwa moja kwa moja. Harusini, naambiwa, alikaa meza peke yake.

Nikazoea kutozima. Nikila, inaunguruma. Nikishusha mzigo, inaunguruma. Mpaka siku moja njia ya Urambo, afande wa barabarani, tena asubuhi, sijafika mbali, injini bado ya baridi.

"Zima gari, lete leseni."

"Afande, naomba nisizime."

Neno hilo usimwambie afande. Alishuku vyote anavyoweza kushuku mtu wa kazi yake. Nikazima. Akakagua leseni, bima, matairi, taa, mzigo. Kila kitu safi. "Haya, nenda."

Nikapiga stata. Moshi mweupe. Nikapiga tena. Moshi mweupe, nyuma yangu foleni inajipanga, basi la abiria linapiga honi. Afande alizunguka gari, akaona kweli limeziba njia yake ya kukagulia wengine. Akavua kofia, akaiweka juu ya boneti ya gari lake, akaita abiria wa basi washuke. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, bega kwenye bodi, anahesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti ya paredi.

Nilivyomsimulia, Shangazi alikubali gasketi ibadilishwe. Fundi hakusema neno, alifungua tu bolti akipiga mluzi. Gasketi ya kawaida ikanunuliwa upya, ikaja na basi, na kabla haijafungwa ikapita kwenye mizani. Kisha Shangazi akapiga simu Kariakoo.

"Mtani, nimeipima hii. Ni nyepesi kuliko ile. Sasa hela ya uzito uliopungua unaituma kwa simu, au unampa kondakta?"