Fomu Ikifutika, Kosa ni la Simu au la Tovuti?

Mtu akilalamika kwamba tovuti inaganda, kaunta za simu za Kariakoo, Dar es Salaam, na za Luthuli, Nairobi, zina jibu moja: nunua simu ya maana. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba watengeneza tovuti nao wamelidaka wakaligeuza ngao. Ukurasa unafunguka vizuri kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye simu ya bosi, basi mwenye malalamiko ana simu mbovu, mjadala umefungwa.

Lakini simu yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2, na kioo cha upana wa pikseli 720, si mbovu. Google yenyewe, ilipotoa Android 13 mwaka 2022, iliweka GB 2 kuwa kima cha chini cha simu za Android Go, toleo jepesi la Android, maana yake mtengenezaji wa mfumo aliitambua kuwa simu halali, mpya, ya dukani. Kenya, Safaricom ilipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, simu za bei ya chini zililipiwa shilingi 20 kwa siku. Anayelipa ishirini ishirini huwezi kumwambia aongeze kidogo apate ya RAM GB 8. Huyo ndiye anayeombea mkopo wa chuo kwenye simu, na ndiye anayehuisha leseni ya biashara humo humo.

Tuanze na picha, kwa sababu hesabu yake ni fupi. Ukurasa wa mbele wa hoteli au chuo una picha kubwa juu, imepigwa na kamera nzuri, pikseli 4000 kwa 3000, ikapakiwa kama ilivyo. Faili lina MB 4. Kioo cha mteja kina upana wa pikseli 720, kwa hiyo sehemu kubwa ya alichokilipia bando haitaonekana kamwe. Hilo wengi wanalijua. Kisichosemwa sana ni kwamba kivinjari hakichori picha ikiwa imebanwa. Lazima kiikunjue kwanza, na kila pikseli inachukua baiti 4. Ikikunjuliwa nzima, 4000 mara 3000 mara 4 ni baiti milioni 48, yaani MB 48 za RAM kwa picha moja, hata kama umelibana faili likabaki KB 300. Weka tano zinazopokezana, kama wapendavyo wenye hoteli, na una MB 240 kwenye simu ambayo sehemu kubwa ya GB zake 2 imeshakaliwa na Android na WhatsApp. Dawa haigharimu kitu: toa nakala za upana wa pikseli 480, 720 na 1080 kwa muundo wa WebP, ziorodheshe kwenye srcset, orodha ya picha ndani ya HTML, simu ichague yake. Picha ileile kwa upana wa 720 mara nyingi huangukia chini ya KB 100.

Sasa RAM inapojaa ndipo linapotokea jambo ambalo, kwangu, ndilo kiini cha ugomvi huu wote. Android haisemi imejaa. Inaua kimyakimya programu zilizo nyuma ili iliyo mbele iendelee. Fikiria fomu ya maombi yenye sehemu ishirini na nne. Mwombaji amejaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, shule zote mbili na miaka yake. Anafika sehemu ya kupakia cheti, anabonyeza, kamera inafunguka. Kamera ni mlafi wa RAM kuliko programu nyingi. Mfumo unatazama nani yuko nyuma, unakikuta kivinjari, unakifunga. Mtu anapiga picha yake vizuri tu, anabonyeza alama ya tiki, anarudi, na ukurasa unajipakia upya. Fomu nyeupe. Cheti hakipo, na zile dakika kumi na tano za kuandika kwa kidole gumba zimekwenda.

Anaanza upya. Safari hii anafika mwisho, anaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwa SMS. Anatoka kwenye kivinjari kwenda kuisoma, anarudi, ukurasa umejipakia upya tena, na seva inamtumia namba nyingine huku ile ya kwanza ikiwa imekufa. Akijaribu mara ya tatu, mifumo mingi inamfungia kwa saa kadhaa kama mtu anayeshukiwa udanganyifu. Mwenye tovuti, akitazama takwimu zake, anaona tu kwamba wengi wameacha fomu njiani, na anahitimisha kuwa watu hawako makini.

Hapo ndipo tunapoona jinsi lawama ilivyopotea njia. Simu imefanya kile hasa ilichoundwa kufanya. Ni fomu iliyoandikwa kwa kuamini kwamba ukurasa ukishafunguliwa utabaki hai mpaka utakapofungwa, imani ambayo ni kweli kwenye kompyuta na si kweli kwenye simu yoyote. Hata simu ya bei ghali huua programu, ila kwa kuchelewa. Tiba inajulikana. Kila sehemu ikijazwa, ihifadhiwe papo hapo kwenye hifadhi ya kivinjari, irudishwe ukurasa ukifunguka tena. Mistari ishirini ya JavaScript inatosha, mradi tu namba ya siri na namba ya kadi visihifadhiwe humo. Fomu ndefu ikatwe vipande vinne au vitano, kila kimoja kikipokelewa na seva kabla ya kinachofuata, na hatua ya kupakia picha ikae peke yake ili ukurasa ukifa ufe na kitu kimoja tu. Kisanduku cha namba ya uthibitisho kipewe autocomplete="one-time-code", ili simu zenye uwezo huo zilete namba juu ya kibodi bila mtu kutoka. Na ukurasa ukijipakia upya, usitume namba mpya wakati ile ya kwanza bado ni hai.

Mtandao nao una sehemu yake. Kipimo cha Lighthouse cha Google, kikijaribu ukurasa kwa upande wa simu, huigiza kasi ya megabiti 1.6 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 150. Megabiti 1.6 ni KB 200 kwa sekunde. Kwa vipimo vya HTTP Archive, mradi unaopima uzito wa tovuti, ukurasa wa mbele wa kawaida umeshapita MB 2 hata kwenye simu, kwa hiyo ni sekunde 10 za kushusha tu, kabla prosesa haijaanza kuisoma JavaScript. Google inataka kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kila jina la seva ya nje unaloongeza, la fonti, la ramani, la kuhesabu wageni, la dirisha la kuchati, linadai safari zake tatu za kusalimiana kabla ya baiti ya kwanza. Kwa milisekunde 150 kila safari, ni karibu nusu sekunde ya salamu.

Zamani kivinjari kilibeba sehemu ya mzigo huu. Chrome ilikuwa na njia ya kubana data, ikaondolewa mwaka 2022. Opera Mini bado inabana kurasa kwenye seva zake na kupunguza matumizi ya bando sana, ila fomu zilizojaa JavaScript huwa zinaishinda.

Na upande wa pili, wa wanaoilaumu simu? Upo, na una hoja ambazo fundi hodari kuliko wote hawezi kuzifuta. Cheti cha usalama ni mfano mzuri. Let's Encrypt, ambao hutoa vyeti bure kwa tovuti chungu nzima duniani, walikuwa na mpango wa kuzisaidia simu za Android za kabla ya 7.1.1, na mpango huo ulikoma mwaka 2024. Tangu hapo simu hizo, zikitumia kivinjari kinachotegemea vyeti vya mfumo, huonyesha onyo kwamba tovuti si salama, wakati tovuti haina tatizo lolote. Chrome nayo, kuanzia toleo la 139 la mwaka 2025, inadai Android 10 kwenda juu. Mtu akinunua mtumba wa Android 8 leo kwa sababu kioo ni kikubwa, amenunua kivinjari kilichokwisha kusimama. Swali la kwanza kaunta lingekuwa hilo: fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya simu, soma toleo la Android na tarehe ya maboresho ya usalama ya mwisho. Linachukua nusu dakika na karibu hakuna anayelifanya. Watu wanauliza kamera ni megapikseli ngapi.

La pili ni RAM ya kwenye boksi. Imeandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za sisimizi 4+4. Nne za kwanza ndizo RAM. Nne za pili ni hifadhi ya simu iliyoazimwa, na hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ndiyo iliyomo kwenye simu nyingi za bei ya chini, ni ya polepole sana kuliko RAM halisi. Kuazima huko kunasaidia kidogo programu isifungwe upesi, ila hakuigeuzi simu ya nne kuwa ya nane. Kati ya simu ya 2+2 yenye kamera tatu na ya RAM halisi GB 4 yenye kamera moja, kwa mtu atakayejaza fomu, ya pili ndiyo simu. Halafu aache GB kadhaa za hifadhi zikiwa wazi. Simu iliyojaa video za magrupu ya WhatsApp hujikokota hata ikiwa mpya. Tanzania pia abonyeze *#06#, atume IMEI, namba ya utambulisho wa simu itakayoonekana, kwenda 15090 kabla ya kutoa hela, maana tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia, ya bei rahisi kupita kiasi ina sababu yake.

Kuna utetezi mwingine wa mafundi ambao ni wa haki zaidi, na hausikiki. Anayelipia tovuti ndiye anayedai video ijicheze yenyewe juu ya ukurasa. Mkataba unataja rangi na idadi ya kurasa, hautaji uzito. Fundi anapewa wiki mbili, anachukua templeti ya WordPress iliyobeba vikorokoro vya kazi thelathini ambazo mteja atatumia tatu. Kumlaumu peke yake ni kumwonea. Mstari mmoja kwenye mkataba, kwamba ukurasa wowote usizidi KB 500 na fomu ihimili kufungwa katikati, ungebadilisha mengi kuliko semina.

Na kwamba tovuti nyepesi inawezekana, hatuna haja ya kubishana. Kurasa za matokeo za NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ni jedwali na maandishi, karibu hakuna urembo. Hakuna atakayezipa tuzo ya ubunifu. Lakini siku matokeo yanapotoka, taifa zima linaingia kwa mara moja, na ukurasa wa shule ukishaanza kuja, unakuja mzima, kwenye simu yoyote. Siku hiyo kinachozidiwa ni seva, na dawa ya seva iko mikononi mwa mwenyewe.

Yaliyobaki ni madogo ila yanauma. Kwenye simu hizi ukurasa hupata upana wa vipimo 360 vya kivinjari, kwa hiyo bila agizo la width=device-width utachorwa kwa upana wa kompyuta na kusomeka kama maelezo ya dawa. Maandishi ya kisanduku yawe ya vipimo 16 kwenda juu, la sivyo iPhone hukuza ukurasa kila unapogusa. Vitufe viwe na vipimo 48 kila upande, vikiachana. Kisanduku cha namba ya simu kilete kibodi ya namba na kikubali 0712, 255712 na +255 712 pamoja na nafasi zake. Kompyuta inajua kufuta nafasi, hakuna sababu ya kumgombeza mtu.

Kabla tovuti haijakabidhiwa, fundi na mteja wakae na simu ya RAM GB 2 iliyotumika mwaka mzima, WhatsApp na Facebook zikiwa wazi, laini ikiwa na bando na Wi-Fi imezimwa. Wajaze fomu hadi nusu. Wafungue kamera, wapige picha tatu, wasome SMS moja, ndipo warudi kwenye fomu.